Binti Aliyemzidi Mamaye Umri

Katika nchi ile ya ukungu ilikuwa marufuku kumwuliza mtu umri wake. Sheria hiyo aliitunga Kijana Mkuu mwenyewe, mtawala ambaye hakuna aliyemkumbuka mtangulizi wake, na aliitunga kwa maneno machache: miaka ni mali ya dola. Kalenda zilikusanywa zikachomwa. Mawe ya makaburini yalikwanguliwa tarehe yakabaki na majina matupu. Mwanamke akijifungua, mkunga aliandika jina la mtoto na aina ya mvua iliyokuwa ikinyesha, basi. Na kwa kuwa binadamu hawezi kuishi bila kuhesabu, watu walijifunza kuhesabu kwa chuki. Tangu msimu ule walipotunyang'anya konde la juu. Tangu siku ile askari alipomvunja baba mkono. Chuki ilikuwa kalenda yao, nayo haikuwahi kukosea siku.

Kitu kimoja tu kiliruhusiwa kutunza miaka, nacho kilikuwa mzizi. Wataalamu waliuita jinsengi. Wakulima waliuita mzizi-mtu, kwa sababu ukiung'oa unakuta una kiwiliwili, una mikono, una miguu iliyopishana kama ya mtu aliyelala vibaya. Shingoni mwake, pale ambapo shina hukauka na kudondoka kila mwisho wa msimu, hubaki kovu. Mwaka mmoja, kovu moja. Mzizi-mtu hauvumilii jua, kwa hiyo mashamba yake yalifunikwa nyavu nyeusi, nchi nzima ikaonekana kwa mbali kama imefiwa. Tena una roho mbaya na udongo: konde lililouzaa mara moja hugoma kuuzaa tena, mbegu zikaoza ndani kwa ndani. Ndiyo maana baada ya kila mavuno dola ilihama kama nzige, ikaacha nyuma ardhi iliyochoka, ikaenda kutafuta konde jipya, na konde jipya siku zote lilikuwa la mtu aliyelipanda mahindi na maharage.

Namvua hakuwa mkulima. Alikuwa mwonjaji wa Kijana Mkuu. Kila siku, saa mbili asubuhi, aliketi kwenye kigoda mbele ya pazia la rangi ya kutu, akaletewa kikombe cha maji ya mzizi yaliyochemshwa kwa moto mdogo mpaka yakawa rangi ya asali chafu. Alikunywa nusu. Uchungu ulitangulia, kisha utamu mdogo wa udongo ukaja nyuma ya ulimi. Halafu alikaa kimya huku mshumaa ukiungua kiasi cha upana wa ukucha, na watumishi wote wakimtazama shingoni kuona kama pumzi bado inapita. Asipokufa, mkono wenye glavu nyeupe ulichomoza pembeni mwa pazia ukachukua nusu iliyobaki. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake: kutokufa mbele ya watu.

Aliingia ikulu akiwa mjane kijana, akamwacha binti yake Sikujua, msichana aliyekuwa ndiyo kwanza anavunja ungo, kwa wifi yake huko Bonde la Chini. Aliambiwa ni kwa msimu mmoja. Msimu ulipokwisha aliomba ruhusa ya kwenda kumwona mwanawe, akanyimwa. Akaomba tena, akanyimwa. Mara ya tatu hakuomba. Ukimwuliza mtu wa nchi ile hadithi ya Namvua inaanzia wapi, atakwambia inaanzia uwanjani, siku ya mawe. Si kweli. Inaanzia hapo kwenye ile mara ya tatu, asubuhi moja isiyo na jina, mwanamke akiwa amekaa kivulini na kikombe mkononi, hajui kwa nini hana haja ya kuomba.

Nilikuwa nalala, alijiambia baadaye. Nilikuwa nakula. Nani hapendi kulala na kula. Walinifungia mlango, mimi sikuusukuma. Mlango usiosukumwa umefungwa na nani.

Hakujiuliza hayo wakati ule. Alijiuliza siku Shehoza alipomwita.

Shehoza alikuwa msimamizi wa ikulu, mtu mwembamba ambaye sauti yake ilisikika kama mlango unaofungwa taratibu.

"Bi Namvua," alisema, "una mtoto."

"Nilikuwa naye."

"Unaye. Tumemtafuta tumempata. Yuko Bonde la Chini bado, analima mahindi. Utakwenda kumleta."

"Ana kosa gani?"

"Hana kosa. Ana uso."

Kisha akamweleza. Mkemia wa ikulu, Lukindo, alikuwa amemaliza kuandika ripoti yake juu ya mzizi. Ripoti ilisema kwamba ndani ya mzizi-mtu mna viambato viitwavyo jinsenosidi, na kwamba viambato hivyo huenda vinachelewesha uzee. Kijana Mkuu aliisoma, akaipenda, akairudisha kwa sababu ya neno moja. Aliagiza neno huenda lifutwe. Lukindo akakataa kulifuta. Basi Kijana akaamua kwamba karatasi ikishindwa, nyama itasema. Wangesimamishwa uwanjani watu wawili wa damu moja, mmoja aliyekunywa mzizi na mmoja asiyekunywa, na umma ungejionea wenyewe. Baada ya hapo, Bonde la Chini, bonde la mwisho lililokuwa likizaa chakula, lingefunikwa nyavu.

"Na watu wa bonde watakula nini?" Namvua aliuliza.

"Watakuwa vijana," alijibu Shehoza.

Nyuma ya pazia sauti ikakohoa. Namvua hakuwahi kumwona mwenye sauti. Kwa miaka yote ile alikuwa ameonana na glavu tu.

"Mwonjaji," ilisema sauti. "Unajiona umezeeka?"

"Sina ruhusa ya kujua, Kijana."

"Jibu zuri. Siku hiyo utasema maneno mawili. Utasema, ni mzizi. Usiongeze chumvi."

Alipelekwa kwa gari la ikulu akiwa na askari wawili. Gari lilipita katikati ya nyavu nyeusi zilizotandikwa chini chini, kimo cha goti, ekari baada ya ekari, na kila hapa na pale juu ya weusi ule uliona mgongo wa mtu ukisogea kama kobe. Baada ya nyavu yakaja makonde yaliyoachwa, mekundu, yenye nyufa, hata magugu yameyakataa. Kisha barabara ikateremka, na ghafla kukawa na mahindi.

Askari walibaki garini. Namvua alishuka akafuata njia ya miguu aliyoijua, akamkuta bibi mmoja amejipinda shambani akipalilia, kichwa kimefungwa kitambaa, mvi zimechungulia. Mgongo wake ulikuwa umekunjika pale kiunoni kama kisu cha kukunja kilichoota kutu. Namvua alisimama mbali kwa adabu.

"Shikamoo, bibi," alisema. "Samahani kwa kukusumbua. Namtafuta Sikujua, binti wa Namvua."

Bibi yule alipiga jembe mara mbili zaidi. Kisha akanyanyua uso, taratibu, kwa sababu mgongo haukumruhusu kufanya haraka.

"Marahaba, mama," alisema.

Kuna mambo ambayo mtu akiyasikia mwili hutangulia kuelewa, akili ikafuata baadaye kwa kuchechemea. Namvua aliketi pale pale juu ya tuta, katikati ya mahindi, na miche miwili ikavunjika chini yake.

"Ondoka kwenye mahindi yangu," alisema Sikujua.

Akaondoka. Akasimama kwenye mtaro. Walitazamana. Mbele yake kulikuwa na uso aliouzaa yeye, na uso ule ulikuwa umemtangulia. Ulikuwa umefika mahali ambapo yeye hajafika, umekaa huko siku nyingi, umezoea. Meno ya mbele hayakuwepo. Macho yalikuwa na utando. Jirani mmoja aliyekuwa akipita na kuni kichwani alisimama akasalimia, akamwuliza Sikujua kama huyu ndiye yule mjukuu wake wa mjini. Sikujua akamjibu ndiyo. Jirani akaenda zake.

"Kwa nini umemdanganya?" Namvua aliuliza.

"Nimwambie nini? Kwamba mama yangu amekuja kuniamkia?"

"Sikukutambua, mwanangu."

"Mimi nilikutambua ulipokuwa juu kule barabarani. Umebaki na sura ile ile uliyoondoka nayo. Nilidhani nakuota. Nilikuwa nakuota zamani, ukija hivyo hivyo, na nguo safi." Akatema mate pembeni. "Niliacha kukuota wifi yako alipokufa. Nilikuwa na kazi nyingi."

Namvua akafungua pindo la kanga, akatoa kitu alichokiiba ikulu kwa kukificha chini ya kwapa: mzizi-mtu mzima, mkavu, wenye makovu kumi na mawili shingoni. Kwa kosa hilo mtu alikatwa vidole. Akaushika kwa mikono miwili akamnyooshea binti yake.

"Nimekuletea. Ukichemsha kidogo kidogo, utakutosha msimu mzima. Kunywa, mwanangu. Labda bado."

Sikujua aliupokea. Akaunusa kwa muda mrefu, akaugeuza, akakwangua mkunjo mmoja kwa ukucha akatazama udongo uliokauka ndani yake.

"Huu umetoka makonde ya kilimani," alisema. "Naujua udongo wake, una chokaa. Nimepalilia huko misimu kumi na mitatu. Unajua tunapalilia vipi? Nyavu wanaziweka chini, kwa kuwa zikiwa juu upepo unazichukua. Kwa hiyo mikono na kichwa unaviingiza chini ya wavu, kwenye kivuli, na mgongo unabaki nje. Siku nzima. Mzizi hauwezi jua. Mgongo wangu ulitakiwa uweze." Akamrudishia. "Mtoto wangu nilimzalia mle mtaroni, hakulia. Huenda siku hiyo hiyo nilikuwa napalilia kikombe chako. Sijui. Hatukuruhusiwa kujua tarehe."

"Sikujua, wanataka uje uwanjani."

"Nimekwisha sikia. Watu wa bonde wamesikia kabla yako."

"Ukikataa, wale wa garini watakuchukua kwa nguvu."

"Sikatai. Nitakuja. Si kwa ajili yako. Nataka wanitazame usoni wakiwa wameshiba."

Walipanda gari la ikulu. Mzizi ulibaki shambani, juu ya kisiki, na kuku wa jirani walikuwa wameanza kuudonoa.

Kesho yake adhuhuri walipelekwa kwenye chumba cha Lukindo ili awapime. Mkemia alikuwa mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Vizimba vya panya vilikuwa vimepangwa ukutani, vyote vitupu. Aliwakaribisha viti akabaki amesimama, kama aliyekuwa anaona aibu kukaa mbele yao. Kisha akachukua chupa yenye maji ya mzizi akaitikisa kwa nguvu. Povu jeupe likajaa mpaka shingoni, likakataa kushuka.

"Povu hili ndilo linalotafutwa," alisema. "Ndimo zilimo jinsenosidi. Nikizitia kwenye chembe hai ndani ya kioo, chembe zinachelewa kuchoka. Nikimpa panya, panya anakimbia kwenye gurudumu lake siku nyingi kuliko mwenzake, na moyo wake unakaa laini. Hayo nimeyaona kwa macho yangu, siwezi kuyakana. Lakini mtu akinywa, kiambato ni kikubwa mno kuingia damuni. Tumboni mwetu mna vijidudu visivyoonekana, hivyo ndivyo vinavyokimega kikawa kidogo. Matumbo mengine yana vijidudu hivyo, mengine hayana, na kwa asiye navyo mzizi unapita kama mgeni asiyepewa kiti. Sasa je, ukipenya, unamzuia mtu asizeeke? Nimeandika huenda. Ndilo neno la kweli kuliko yote katika ripoti nzima."

"Panya wako wapi?" Namvua aliuliza.

"Askari walikuja juzi wakawaua wote. Wakaniambia baada ya panya ninafuata mimi." Alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Naomba niwaulize kidogo. Mama Namvua, ikulu unalala saa ngapi?"

"Jua likizama. Naamka likiwa limetoka."

"Unakula?"

"Mara tatu. Nyama siku za soko."

"Jua linakupiga?"

"Nikiwa natoka bomani kwenda jikoni."

Akamgeukia binti. "Na wewe, bibi?"

"Andika hapana kote," alisema Sikujua.

Lukindo hakuandika. Aliweka kalamu chini. "Hapo ndipo ninapokwama," alisema. "Watawasimamisha ninyi wawili watu wawaone. Mmoja amekunywa, mmoja hakunywa, na tofauti inaonekana hata kwa kipofu. Lakini kikombe si kitu pekee kilichowatenganisha. Mimi kama mkemia sina njia ya kujua ni kipi kilichofanya nini."

"Mimi najua," alisema Sikujua.

"Unajua nini?"

"Yeye alikaa. Mimi niliinama."

Namvua aliangalia mikono yake mwenyewe mapajani, mikono laini, isiyo na alama, na kwa mara ya kwanza ikamtia kinyaa, kama mtu aliyeamka akakuta amevaa nguo za marehemu. Ujana huu ni wa nani. Ulitoka shingoni mwa mzizi au ulitoka mgongoni mwa huyu. Kama mtu mmoja akibaki pale pale alipo miaka yote, si lazima mwingine awe anatembea kwa niaba yake? Kila nusu kikombe. Kila nusu kikombe nilikuwa nikimsukuma hatua moja mbele, gizani, peke yake. Na mimi nikipangusa mdomo.

Siku ya Ushahidi jua lilitoka kali, ukungu ukayeyuka mapema. Jukwaa lilifunikwa nyavu nyeusi, na chini ya nyavu kulikuwa na pazia la rangi ya kutu, viti vya wakubwa, na kivuli kizuri. Umati ulisimama uwanjani bila kitu kichwani. Walikuja maelfu, wa bondeni na wa kilimani, wengine wamebeba wagonjwa wao kwenye vitanda vya kamba. Hawakuja kwa kulazimishwa tu. Namvua aliziona nyuso zao akaelewa kwamba walitaka iwe kweli. Walimchukia Kijana Mkuu kwa mioyo yao yote, lakini kikombe chake walikitamani.

Lukindo alisoma ripoti. Alisoma kwa sauti ya chini, na alipofika pale penye neno lake, midomo ilijikunja kama inalitamka, sauti haikutoka. Akaendelea na sentensi. Kisha akakunja karatasi akashuka, na askari wawili wakamfuata nyuma. Hakuna aliyemwona tena.

Shehoza akawaita wanawake wawili mbele. Akawasimamisha bega kwa bega, ingawa bega la Sikujua lilifika kifuani mwa mama yake tu. Watu wakanong'ona. Ulikuwa mnong'ono mrefu, kama mchanga unaomiminwa.

"Mnaowaona ni damu moja," alisema Shehoza. "Mmoja ni mama, mmoja ni mtoto. Nani ni nani?"

Umati ukacheka, kisha ukaambiwa jibu, ukaacha kucheka.

Shehoza akamshika Sikujua kidevu, akamgeuza uso kulia na kushoto kama mtu anayemkagua mbuzi mnadani. "Fungua mdomo," alisema. "Waone fizi."

Sikujua akafungua mdomo. Macho yake hayakumtazama Shehoza wala umati. Yalimtazama mama yake, moja kwa moja, bila kuomba chochote.

Namvua alikuwa na maneno mawili tayari kinywani. Alikuwa ameyafanyia mazoezi tangu alfajiri. Na ukweli usifichwe: alikuwa na nia ya kuyasema. Aliogopa jembe. Aliogopa meno yake kung'oka. Mtu aliyekaa kivulini miaka yote ile hulijua jua kama anavyomjua simba, kwa kusimuliwa, na hofu ya kusimuliwa ndiyo hofu kubwa kuliko zote. Lakini vile vidole vya Shehoza vilikuwa bado kwenye kidevu cha mwanawe, kimoja kimeingia mdomoni.

"Ondoa mkono wako," alisema.

Shehoza hakusikia vizuri, au hakuamini.

"Ondoa mkono kwa mwanangu." Akaushika yeye mwenyewe ule mkono akauondoa, kisha akawageukia watu. Hakupaza sauti, ila uwanja ulikuwa kimya. "Huyu nilimzaa mimi. Nimekunywa nusu kikombe kila siku tangu nimwache, hilo ni kweli. Ni kweli vilevile kwamba nililala mpaka jua likatoka, nikala chakula nisichokilima, nikakaa kwenye kivuli kama hiki. Huyu hakupata kikombe, na hayo mengine pia hakuyapata. Mkiniuliza ni kipi kilichonifanya niwe hivi, sijui. Na mkemia hajui, ila amekatazwa kusema kwamba hajui. Bondeni kuna mahindi. Msiache mahindi yenu yang'olewe kwa jambo ambalo hakuna anayelijua."

Alingoja. Hakujua alikuwa anangoja nini. Labda alidhani ukweli ukisemwa hufuatwa na kitu fulani, mvua au makofi. Kilichofuata ni sauti ya mwanamke mmoja aliyekuwa mbele kabisa, amempakata mume wake aliyepooza.

"Mwongo," alisema mwanamke yule, bila kupayuka. "Amekunywa peke yake mpaka ameshiba. Sasa anatufungia mlango."

Donge la kwanza la udongo lilimpiga Namvua kifuani. La pili lilimpiga Sikujua. Baada ya hapo hayakuhesabika, na katikati ya madonge kulikuwa na mawe. Mtu aliyenyimwa huzoea, lakini aliyeahidiwa akanyang'anywa ahadi yake papo hapo hana subira, na hasira zake hazimwendei aliyeahidi. Zinamwendea aliyewaamsha ndotoni. Watu wale hawakulirushia pazia hata kokoto moja.

Ndipo pazia likasogea. Ilikuwa sheria kwamba pazia likisogea kila mtu ainamishe kichwa, na maelfu yale, huku wameshika mawe, waliinama wote kwa pamoja. Wawili tu hawakuinama: Namvua, kwa kuwa damu ilikuwa ikimchuruzika machoni, na Sikujua, kwa kuwa mgongo wake ulikuwa umekwisha inamishwa na hauna pa kwenda zaidi. Mkono ulichomoza kwa hasira, haukuwa na glavu. Ulikuwa mkono wa madoa na mishipa, kucha za manjano, unatetemeka kama jani la mwisho, na kidole chake kilijitahidi kumwelekea Namvua kikakosea, kikaelekea angani.

"Mkono ule ni mzee kuliko mimi," alisema Sikujua kwa sauti ya chini. "Nao umekunywa kikombe kile kile."

"Mpeni anachokitaka," ilisema sauti nyuma ya pazia. "Mpeni jua."

Hivyo ndivyo Namvua alivyotupwa Bonde la Chini, bila viatu, amekatazwa kukanyaga kivuli chochote cha dola. Nyavu zilifika bondeni wiki chache baadaye, kwa hiyo asidhani mtu kwamba maneno yake yaliliokoa bonde. Zilifunika upande wote wa juu. Upande wa chini haukufunikwa, kwa sababu watu ishirini na kitu wa huko walipoitwa kwenda kupalilia walikaa chini barabarani wakasema hawana magoti, na walipopigwa waliendelea kukaa. Wengine husema walikuwa wamesikia jambo uwanjani. Wengine husema walikuwa wamechoka tu. Yule mwanamke mwenye mume aliyepooza alikuwa mmoja wao.

Namvua alikaa kwenye kibanda cha binti yake, kwenye kona ya mbuzi. Hakukaribishwa, hakufukuzwa pia. Alipewa jembe la zamani lenye mpini mfupi, lile lile la kupalilia chini ya nyavu, akaonyeshwa mstari. Siku ya kwanza viganja vilichubuka vikatoa maji. Siku ya tano ngozi ya mgongo ilibanduka. Msimu ulipogeuka nywele za utosini zilikuwa nyeupe, na jino moja likalegea, akalitoa mwenyewe kwa kidole akalitupa mtaroni. Majirani walipita wakimtemea mate. Sikujua alimwambia maneno matano kwa siku, yote ya amri. Palilia. Chota. Pika. Nyamaza. Lala.

Adhuhuri moja, katikati ya maharage, kiuno cha Namvua kilikatika. Hakulia, alikwama tu, ameinama, mikono kwenye mpini, hawezi kushuka wala kupanda. Sikujua aliacha mstari wake akaja. Akamnyang'anya jembe mkononi bila neno, akaondoka nalo kuelekea porini. Namvua akateleza polepole mpaka akalala ubavu kwenye udongo, akajua kwamba sasa amefukuzwa, akaanza kufikiria aende upande gani.

Alisikia panga likigonga mti. Likagonga muda mrefu, kwa vituo, kama la mtu asiye na nguvu. Kisha kimya. Kisha sauti ya kukwangua.

Sikujua alirudi jua likiwa limeanza kulegea, amelowa jasho, amebeba jembe lenye mpini mpya, mweupe, wenye harufu ya maji ya mti. Ulikuwa mrefu kupita mpini wowote shambani mle, mrefu kupita wa kwake. Akamwinua mama yake kwa kumshika chini ya makwapa, mara ya kwanza haikuwezekana, mara ya pili ikawezekana, akamwekea mpini mkononi.

"Simama wima ukilima," alisema.

Namvua aliupapasa mpini. Maganda yalikuwa yamekwanguliwa yote, hata pale penye vifundo. "Umenisamehe, mwanangu?"

"Hapana," alisema Sikujua. "Hujazoea kuinama. Utavunjika, na mimi sina mgongo wa kukubeba."

Akarudi kwenye mstari wake, akainama, akaendelea pale alipoachia.